Naandika habari za muziki, sasa nataka kutunga riwaya ya Dar ya miaka ya 80. Mbona kila sura inageuka makala?

Kalamu na Besi:

Wakuu salaam, uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Kazi yangu ni kuandika muziki magazetini, nilianza na kurasa za burudani kama wengi, baadae nikajikuta nimezama kwenye muziki wa dansi, hizi zilipendwa, yani ukitaka kujua nani alihama bendi gani mwaka gani na waligombana nini, mi ndo mtu wa kumpigia simu. Wengi niliowahoji wameshatangulia mbele ya haki na kila nikienda msibani narudi na stori ambazo haziwezi kuingia gazetini, ama hazina ushahidi, ama familia ipo, ama mhariri anataka maneno mia nne na picha basi. Nikasema hizi nazitia kwenye riwaya, huko hakuna wa kuniuliza chanzo.

Hadithi yenyewe iko hivi: kijana anaitwa Saidi anatoka Kilosa 1981 anaingia Dar, anajua kupiga solo, anapata ajira kwenye bendi ya shirika la umma, anapanda chati, halafu 1985 tajiri mmoja mwenye bendi binafsi anakuja usiku na bahasha na nusu ya bendi inahama. Mnaojua mmeshajua nimeitoa wapi, ni ule mwaka Hugo Kisima alipowachomoa kina Muhidin Gurumo na Abel Balthazar kutoka Sikinde, yani bendi ya Mlimani Park, ikazaliwa International Orchestra Safari Sound, mtindo wao Ndekule. Majina nimebadilisha.

Tatizo ni hili. Rafiki yangu mmoja msomaji mkali kweli kasoma sura za mwanzo akaniambia hii ni makala, ila humu watu wana mdomo. Akanifungulia ukurasa mmoja akasema hebu ona, umetuambia nani anapuliza tarumbeta, nani yuko kwenye tumba, ukumbi upi, mtindo gani, bendi ilianzishwa lini na ilikuwa inaitwaje kabla, na muda wote huo Saidi wako kasimama mlangoni anasikiliza tu, hajafanya kitu. Kibaya zaidi akasema hiyo Dar yako ni tamu mno mpaka foleni ya sukari inanukia marashi.

Mi miaka ile nilikuwa mtoto, naijua kwa redio ya nyumbani na kwa midomo ya wazee niliowahoji. Naomba msaada kwa mnaosoma riwaya na mlioishi enzi hizo: nifanyeje huu ujuzi usiimeze hadithi? Na nikianza kuandika dhiki ya miaka ile, si nitakuwa naua ule utamu ulionifanya nishike kalamu?

NipoNipo:

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale na kahawa na kashata.

Babu wa Ilala:

Mwanangu, nikusaidie maana mi nilikuwepo, na sikuwa jukwaani, nilikuwa chini huku na wenzangu tunacheza. Hapo ndipo kwenye tatizo lako nadhani. Wewe umepewa miaka ya themanini na wanamuziki, na mwanamuziki anakumbuka jukwaa. Muulize aliyelipa kiingilio.

Kwanza kufika ukumbini kwenyewe ilikuwa stori. Mabasi ya UDA yalikuwa machache na usiku ndo kabisa, daladala zimeruhusiwa 1983, kabla ya hapo kulikuwa na chai maharage, pikapu imewekwa mabenchi mnatazamana, na zilikuwa za kujificha ficha. Mwenye gari naye alikuwa na adhabu yake, Jumapili ikishafika saa nane mchana magari binafsi marufuku barabarani kwa ajili ya kubana mafuta. Sasa we chukua kijana ana ahadi na binti dansi la Jumapili, yuko Temeke binti yuko Magomeni, anafanyaje? Hiyo ni sura nzima ya kitabu na hujataja bendi hata moja.

Ukifika ukumbini bia ni ya mgao. Bendi inapiga utafikiri mbingu zinafunguka na mezani una soda, kama soda ipo. Shati lako jeupe umelifua kwa nini? Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, watu tulifulia majani ya mpapai hapa hapa mjini. Redio tuliisikiliza kwa betri ambazo zimekwisha tukazianika juani juu ya bati zikajikongoja siku mbili tatu zaidi. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mtoto analia hataki. Duka la kaya mna kadi, mnaandikwa.

Halafu 1983 kwenye vita ya wahujumu uchumi watu walikuwa wanamwaga vitu usiku, mitaroni, baharini, anayekutwa na bidhaa asizoweza kuzielezea anaondoka nazo. Mwaka huohuo ikaja Nguvu Kazi, wasio na kazi wanakamatwa mjini wanarudishwa vijijini wakalime. Saidi wako ametoka Kilosa, sawa? Kitambulisho cha shirika mfukoni ndicho kilichomtenga na lori la kumrudisha Kilosa. Umeandika amejiunga na bendi kwa sababu anapenda muziki. Anapenda sawa, lakini na lori je?

Na Sokoine, Waziri Mkuu. Tarehe 12 Aprili 1984, kafa kwa ajali pale Dakawa, Morogoro, Mwalimu Nyerere mwenyewe katutangazia redioni. Kila mtu wa umri wangu anajua alikuwa wapi. Saidi alikuwa wapi? Ukishindwa kujibu hilo hujamjua bado.

Sasa hayo yote hayakuua utamu. Ulidhani tulikuwa tunacheza kwa sababu tumeshiba?

Mzuka wa Msondo:

Babu shikamoo, umemaliza. Ila mleta uzi nakusema, mbona hadithi ya Sikinde tena? Kila mtu Sikinde Sikinde. Msondo ni bendi ya chama cha wafanyakazi, ilikuwepo toka ikiitwa NUTA 1964, ikaja kuitwa Juwata, ikaja OTTU, baba wa muziki yupo pale pale. Hata hao Mlimani Park 1978 walianza na nani kama sio watu waliotoka kwetu?

Kijana wa Sinza:

Mi nimezaliwa 1999 naomba niseme kama msomaji maana nadhani na mimi unanitaka nikununue. Kila siku napanda gari nashuka Sinza kwa Remmy na miaka yote nilidhani Remmy ni mwenye baa. Siku moja dereva, mtu mzima, kaweka muziki nikauliza ni nani huyu anaongea na kifo utafikiri anaongea na jirani, ndo nikaambiwa huyo ndo mwenye kituo chako, Dokta Remmy Ongala, katoka Zaire kaja Dar 1978 kupiga na bendi ya Makassy halafu akawa na bendi ya Matimila mpaka Ulaya akafika. Sasa ungeniletea hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya ningefunga kitabu. Ila mtu akinionesha jamaa ana rasta kaingia mtaa ambao watu wanamuogopa, watoto wanamkimbia, halafu akifungua mdomo anaimba shida zao wenyewe, mi nasoma mpaka asubuhi na jina nitalitafuta mwenyewe.

Majina yenu yale kwetu ni kelele. Samahani wakubwa lakini ndo ukweli. Ukiandika "Chinyama Chiyanza" mzee wangu anatoa machozi, mi naona herufi tu.

Kalamu na Besi:

Dogo umenikata maini lakini asante. Mzee wa Ilala shikamoo, hilo la kitambulisho na lori nimelisoma nikasimama kabisa. Mi nililijua kama tukio, nimeshaliandika hata kwenye makala, sikuwahi kulivalisha mtu.

Mama Zuu:

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma uzi wote nikacheka maana mmetaja watu wengi sana na mwanamke humu ndani ni yule binti wa Magomeni anayesubiri kijana aje na usafiri. Kaka mwandishi, hilo ndo gonjwa la nyie wa magazeti ya muziki. Kwenye nyimbo zile sisi tuliimbwa vya kutosha. Mke mwenye tamaa, mke aliyeachwa kwa hasira, mke anayeandikiwa barua, mama anayelia kijijini. Na nyie mmechukua nyimbo mkadhani ndo maisha yetu.

Mi marehemu mume wangu alikuwa mwanamuziki, bendi siitaji. Mshahara ulikuwepo, wa shirika, unapanga mstari dirishani kama karani yeyote, na haukuwa unafika popote, kama ilivyokuwa kwa watumishi wote miaka ile. Waliofikisha mwezi ni wanawake. Mi nilikuwa napika maandazi, jirani yangu ubuyu na barafu za maji, mwingine anakata nywele, mwingine anafuga kuku uani na afisa wa serikali mumewe anajifanya haoni. Saa kumi usiku yeye ndo anaingia kutoka dansini ananuka moshi wa sigara na manukato ya watu, mi ndo natoka kwenda kuweka jiwe kwenye foleni. Naam, tulikuwa tunaweka jiwe au ndoo mbovu inashika nafasi yako. Tulikuwa tunakutana mlangoni hapo. Mlango ule umeona mengi kuliko ukumbi wa DDC Kariakoo.

Na wanawake tulikuwa ukumbini pia, tena tulilipa wenyewe. Na jukwaani tulikuwepo wachache, Kida Waziri yuko na Vijana Jazz anaimbishana na Hemed Maneti watu wanapanda juu ya viti. Niambie kwenye riwaya yako nani mwanamke anayeshika kipaza sauti? Kama hayupo sawa, sio lazima, lakini yupo nani anayemwambia Saidi asichukue ile bahasha? Au aichukue! Maana ningekuwa mi ningemwambia chukua, kesho tunanunua bati.

Babu wa Ilala:

Mama Zuu nimevua kofia.

Fundi Mitambo Jr:

Nichangie upande mmoja ambao naona waandishi wengi wa hizi zilipendwa huwa wanauharibu, nao ni jinsi muziki ulivyokuwa unawafikia watu, maana kwenye hizi hadithi mpya unakuta mtu wa 1982 anaenda dukani ananunua santuri mpya ya bendi ya Dar kama anaenda kununua mkate. Haikuwa hivyo.

Marehemu baba alikuwa fundi pale Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Kulikuwa na redio moja ya taifa na studio yake, basi. Televisheni bara hatukuwa nayo, ilikuwa Zanzibar tu, na redio za binafsi hazijaja mpaka miaka ya tisini. Bendi inakuja na wimbo, mashairi yanapelekwa kwanza yanasomwa na watu wa redio, likikutwa neno la matusi au la kumsema mkubwa unaambiwa karekebishe, ndo maana watunzi wale walikuwa mafundi wa mafumbo, mtu anaimba habari za mume na mke kumbe ana lake. Yakipita mnaingia studio mnapiga wote kwa pamoja, sauti, magitaa, tarumbeta na tumba, mkanda unazunguka. Hakuna cha kurudi kurekebisha sauti ya mmoja. Ukikosea wewe, kumi wanarudia kwa ajili yako. Fikiria Saidi siku yake ya kwanza mle ndani, wimbo wa dakika saba, wamefika dakika ya sita kwenye chemko, pale wimbo unapokolea kasi, solo inapanda, kidole kinateleza.

Na ule mkanda ukishamaliza ni mali ya redio. Wimbo unapigwa nchi nzima, kila salamu na kila ombi la msikilizaji, na mtunzi anausikia akiwa kwenye foleni ya unga. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, vilikuwa Nairobi, na mpaka na Kenya umefungwa 1977 haukufunguliwa mpaka 1983, watu walikuwa wanafika huko kwa njia zao. Makassy walihamia huko kabisa. Hata wimbo ukitoka kwenye santuri ile ndogo unakatwa vipande viwili, upande wa kwanza unaimba, unageuza ndo unapata chemko. Waliobaki na kumbukumbu walirekodi kutoka redioni kwenye kanda, mtangazaji akianza kuongea juu ya wimbo mnamlaani nyumba nzima.

Kingine ambacho nadhani ni muhimu kuliko vyote kwa hadithi yako. Vyombo vilikuwa mali ya shirika. Gitaa sio la mpiga gitaa. Juwata ni vya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ni vya Umoja wa Vijana, Bima Lee ni vya Shirika la Bima, Mlimani Park ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar, 1983. Polisi, jeshi na magereza hivyo hivyo, Urafiki ni kiwanda cha nguo, Tancut Almasi kule Iringa ni wakata almasi. Kwa hiyo mtu akihama, anahama na vidole vyake tu. Nguvu ya tajiri wa binafsi ilikuwa mshahara, sawa, lakini ilikuwa pia vyombo.

Kijana wa Sinza:

Subiri kwanza. Wakata almasi walikuwa na bendi???

Fundi Mitambo Jr:

Tena kali.

Mzuka wa Msondo:

Kiwanda cha nguo, wakata almasi, bima, polisi... mleta uzi bendi yako ya kutunga mpe shirika la ajabu ajabu basi. Shirika la Magunia la Taifa Jazz Band, mtindo wao "Shona Tena".

Mwalimu wa Fasihi:

Huyo hapo juu anatania lakini kasema jambo. Bendi itungwe, shirika litungwe, mtindo utungwe. Bendi za kweli ziachwe upande wa pili wa ukuta, zisikike tu. Saidi anapita Ubungo anasikia bendi ya Maquis ukumbini White House, anajua kabisa kwamba yule anayepiga pale anamzidi, anaharakisha hatua. Hapo umemtaja mtu mkubwa bila kumweka kitini na kumhoji. Ukimweka Gurumo azungumze ndani ya riwaya yako, kila shabiki atakukagua maneno, na familia yake ina haki ya kukuuliza umeyatoa wapi.

Kuhusu kazi yako ya gazeti usiione ni mkosi. Miaka ileile ya themanini tulikuwa tunapokezana riwaya za upelelezi mpaka jalada linatoka, na mmoja wa waliozitunga, Ben Mtobwa, alikuwa mwandishi wa habari kama wewe na akafika mpaka kuwa na nyumba yake ya uchapishaji. Gazeti linakufundisha kufika kwenye jambo upesi. Ila linakufundisha pia kumweleza msomaji kila kitu kabla hajauliza, na hilo ndo linalokuharibia sura. Kwenye makala ukisema bendi ilianzishwa 1978 umefanya kazi yako. Kwenye riwaya mwaka huo uwe na mtu anauhitaji. Labda karani wa mishahara anabisha kwamba Saidi hakuajiriwa mwaka anaoutaja, na posho yake inategemea jibu. Hapo taja mwaka mpaka uchoke, nitausoma.

Jaribio langu huwa ni hili, nawapa wanafunzi: chukua kila jambo unalolijua, uliza ndani ya chumba hiki nani linamuuma. Kama halimuumi mtu lirudishe gazetini, likalipwe huko.

Kwenye utamu sikubaliani na Babu moja kwa moja. Kuna hatari ya upande wa pili. Nimesoma miswada ya vijana wanaoandika miaka ile kama jela tupu, foleni, kadi, njaa, mtu hacheki ukurasa hata mmoja, na hiyo nayo ni habari ya kuambiwa. Wanaoishi ndani ya dhiki hawaitazami siku nzima. Wanatafuta namna ya kuvaa vizuri Jumamosi.

Babu wa Ilala:

Mwalimu hapo nakubali. Tulivaa bwana! Shati moja lakini limenyooka unaweza kukatia nyanya. Na Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, alipoingia Novemba 1985 na mitumba ikaanza kujaa ndo kila mtu akawa bitozi, raha ya kuwa bitozi peke yako ikaisha.

Mama Zuu:

Hahaha Babu kumbe ulikuwa bitozi.

Kalamu na Besi:

Nimekaa na haya majibu, nikafuta sura ya tatu yote. Ilikuwa historia ya bendi kurasa kumi na kitu, nitaiuza kwa mhariri akitaka. Mwalimu jaribio lako nimelipitisha kwenye kila aya, zilizobaki zinahesabika.

Mama Zuu, mke wa Saidi alikuwepo ila nilimpa kazi ya kulia. Sasa ndiye mwenye hesabu za nyumba, na ile bahasha ameiona kabla ya mumewe maana mpambe wa tajiri alifika nyumbani Saidi akiwa mazoezini. Kwa hiyo anajua kiasi kilichomo, na Saidi anaporudi na kumwambia kiasi, anataja kidogo. Sikupanga iwe hivyo, imejiandika.

Naweka kipande kipya kidogo mkitie mkasi. Ni asubuhi ya siku anayohama, anarudisha gitaa stoo:

*Mtunza stoo alihesabu nyuzi kabla hajaligusa gitaa lenyewe.*

*"Tano," akasema. "Ulichukua na sita."*

*"Ya kwanza ilikatika juzi, dansini."*

*"Kipande?"*

*Saidi alikuwa nacho, amekiviringisha kidoleni toka juzi. Akakivua. Mzee akakinyoosha mezani kwa rula, akaandika urefu wake kwenye daftari, kisha akapaka gundi ya ugali na kukibandika pembeni ya maandishi, mahali ambapo vipande vingine vya miezi iliyopita vilikuwa vimeshaanza kushika kutu.*

*"Nitaombea mpya. Sijui lini. Fedha za kigeni." Akasukuma daftari. "Saini. Kesho unachukua saa ngapi?"*

*"Kama kawaida."*

*Mzee akafunga kabati kwa kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha. Saidi akasaini jina lote, na la babu.*

Kijana wa Sinza:

Hii ndo nilikuwa nataka mkuu. Hakuna bendi hata moja humu na nimesikia muziki. Anajua hatorudi, na kasaini jina refu hivyo. Duh.

Fundi Mitambo Jr:

Kiufundi uko sawa, waya wa kwanza ndo mwembamba, ndo unaokatika sana hasa kwa mpiga solo. Ila hiyo kutu angalia, ule wa kwanza huwa haufungwi waya mwingine juu yake, ni chuma mtupu, kwa hewa ya Dar unashika kutu haraka sana, hauhitaji miezi. Sema wiki.

Mwalimu wa Fasihi:

"Fedha za kigeni" imebeba uchumi wote wa mwaka ule kwa maneno matatu. Acha hivyo hivyo, usije ukashawishika kuongeza aya ya kueleza.

Mama Zuu:

Nimependa. Ila mtunza stoo naye ana mke, naye alikuwa kwenye foleni. Ataombaje nyuzi bila kuomba na sukari? Angemnong'oneza Saidi kitu, watu wa stoo ndo walikuwa na njia.

Babu wa Ilala:

Mwanangu safi sana, ila nina ugomvi na wewe kwenye kitu kimoja. Gundi ya ugali? 1985? Unga wenyewe umeutolea jasho duka la kaya halafu mzee mzima apake kwenye daftari la serikali abandike waya? Mkewe angemfukuza.

Kalamu na Besi:

Hahahaha. Sasa mzee wangu angetumia nini?

Babu wa Ilala:

Utomvu wa mfenesi. Anafunga kwenye kijiti anaweka dirishani.

Kalamu na Besi:

Unashika kwenye karatasi kweli?

Babu wa Ilala:

Sisi tulikuwa tunanasia ndege, karatasi itaenda wapi.